Milioni Moja na Moja

Kitabu kile cha hesabu nilikinunua sokoni Ngarama, mwaka nilipokuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka, moja ikiwa changa kabisa, ya pili ikiwa imeshaanza kucheza tumboni. Kwa hiyo hii ya tatu hatukuwa tukiizungumza, hata mimi na mume wangu tukiwa peke yetu. Siku hiyo tulikwenda kuuza maharage. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia moja nikimsubiri amalizane na wanunuzi, nikaona mchuuzi ametandaza turubai lenye vikombe vya plastiki, betri za redio na vitabu viwili vitatu vilivyovuka mpaka kutoka Tanzania. Kimoja kilikuwa cha hesabu, cha shule ya msingi, jalada limebanduka. Nikakichukua.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Kwetu Kivu Kusini nilisoma kwa Kifaransa. Hapa Uganda, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nafundisha kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, na watoto wakikwama nawaeleza kwa Kiswahili, kwa sababu darasani kwangu, upande wa kambi uitwao Rubondo, wamo Wakongomani, Warundi na Wanyankore wachache, wenyeji wa hapa, na Kiswahili ndicho kila mmoja anacho, japo cha kuokoteza. Lakini maneno yenyewe ya hesabu kwa Kiswahili sikuwa nayo. Nilikuwa najitungia tu. Ndiyo maana nilikitaka kile kitabu.

Nilikifungua palepale juu ya gunia. Ukurasa uliojifungua wenyewe ulikuwa unaeleza namba ambazo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe: mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja. Kwa Kifaransa tulikuwa tunaziita namba za kwanza. Kitabu kiliziita namba tasa.

Nikakifunga. Neno hilo nilikuwa nimelisikia bombani, wanawake wakilisema kwa sauti ya chini nikiwa bado sijafika karibu, wakalimeza nilipofika. Sikutarajia kulikuta kwenye hesabu.

Mume wangu alipomaliza na wanunuzi aliniona uso umebadilika. Yeye ni Mrundi, mkulima, mtu wa maneno machache lakini wa maswali mengi.

"Mwalimu, una hasira na kitabu?"

Nikamwonyesha. Alisoma polepole, akajikuna kidevu.

"Hata saba ni tasa? Maskini saba." Kisha akauliza, "Na milioni moja?"

"Hapana. Milioni inagawanyika kwa mbili, kwa tano, kwa kumi. Ina watoto wengi."

"Na milioni moja na moja?"

Nilifungua kinywa nimjibu, nikagundua sijui. Inaishia na moja, kwa hiyo mbili na tano hazimo. Ukijumlisha tarakimu zake unapata mbili tu, kwa hiyo tatu haimo. Niliona haya kidogo, mwalimu mzima, nikamwambia nitamjibu nikifika nyumbani. Sikumjibu. Wiki ileile nilianza kuona damu.

Tulipelekwa hospitali moja mjini Mbarara. Daktari, Mganda kijana mwenye sauti ya upole, alinipima akanieleza taratibu kwamba mtoto ni mzima, ila mlango wa uzazi ni dhaifu, unafunguka kabla ya wakati, na pengine ndivyo ilivyokuwa mara zile mbili. Akaushona kwa uzi. Halafu akasema maneno ambayo yaliniogopesha kuliko uzi: nilale. Nilale kwa ubavu wa kushoto, nisinyanyue kitu, nisitembee ila kwenda chooni, mpaka atakaponiambia.

Mimi ambaye sijawahi kulala mchana. Mama mkwe wangu alikuja kukaa nami, akatandika mkeka wake chini ya kitanda changu kama wafanyavyo wauguzaji wote pale. Mume wangu hakuruhusiwa kulala wodi ya wanawake, akatafuta kibarua. Alikipata juu ya kilima cha Kamukuzi, kwenye nyumba iliyokuwa inajengwa. Mchana anachanganya zege, jioni analala na wenzake katika chumba kilichokwisha kuezekwa, na saa ya kutazama wagonjwa anashuka hospitalini akiwa na vumbi la saruji mpaka kwenye kope.

Siku za mwanzo tulikuwa hatujui la kuongea. Alikaa pembeni ya kitanda, ananiuliza kama nimekula, namjibu ndiyo, basi. Kila mmoja wetu alikuwa anasikilizia tumbo langu. Ndipo jioni moja akasema, kama mtu anayeokota kitu kilichodondoka njiani:

"Hukunijibu ile milioni moja na moja."

Nilimtazama nikidhani ananitania. Hakuwa akitania.

"Kuna kazi," nikamwambia. "Lazima tujaribu namba tasa zote, moja baada ya moja, mpaka tufike elfu moja."

"Kwa nini elfu moja? Kwa nini tusiende mpaka mwisho?"

Nilifurahi alivyouliza. Nikamweleza kwamba elfu mara elfu ni milioni. Kama namba mbili zinazidishana kutupa milioni moja na moja, haziwezi zote mbili kuwa kubwa kuliko elfu, zingepita. Lazima mojawapo iwe chini. Ukikosa kitu chini ya elfu, hakuna kitu kabisa.

"Basi ni fasi ndogo," akasema. "Tutailima."

Zile rahisi nilizimaliza mwenyewe kesho yake asubuhi, nikitazama dari. Nilijua tangu shuleni kwamba tisa sita zikipangwa pamoja, yaani namba inayokosa moja tu kufika milioni, inagawanyika kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu na kwa thelathini na saba. Milioni moja na moja inaizidi hiyo kwa mbili. Kwa hiyo ukiigawanya kwa yoyote kati ya hizo, inabaki mbili. Tano zimetoka kwa pumzi moja. Zilizobaki zilihitaji kugawanywa kwa mkono, na mkono ulikuwa wa mume wangu. Aliacha shule darasa la sita, lakini kugawanya alikumbuka. Mifuko ya saruji ina karatasi kadhaa, na ile ya ndani huwa safi. Aliichana vipande, akaazima kalamu ya fundi, na jioni baada ya kunawa alifanya namba moja au mbili. Kesho yake alileta majibu ameyakunja mfukoni, na siku za kwanza zilikwenda hivi:

"Kumi na saba, hapana. Imebaki kumi."

"Kumi na tisa?"

"Kumi na tisa, hapana. Kumi na mbili."

"Ishirini na tatu?"

"Saba. Lakini thelathini na moja, mwalimu, ilikaribia sana. Imebaki tatu tu."

"Tatu au thelathini ni mamoja," nikamwambia. "Ikibaki, imebaki."

"Mimi nasema ilikaribia," akashikilia.

Kwenye kitanda cha jirani alilazwa mama mmoja Mnyankore, mkubwa kwangu kidogo, naye akisubiri. Alijua Kiswahili kwa sababu mumewe alikuwa askari na walikaa kambi nyingi. Alitusikiliza jioni kadhaa kabla uvumilivu haujamwisha.

"Nyabo, mama, samahani. Nyinyi nagawanya nini kila siku? Ni shamba ya baba yenu?"

Mama mkwe alicheka chini ya kitanda mpaka akakohoa. Nilimweleza yule jirani kwamba si shamba, ni namba tu, tunataka kujua kama inagawanyika.

"Na ikigawanyika napata nini?"

"Hakuna."

Alifikiri. "Sawa. Nami mniambie ikigawanyika."

Tangu siku hiyo mume wangu akiingia, yeye ndiye wa kwanza kuuliza. Mama mkwe naye alianza kuuliza. Yeye ni Mkatoliki wa rozari, asubuhi na jioni, na siku moja alinitangazia, bila aibu yoyote, kwamba kwenye fungu la kuniombea mimi na mtoto ameongeza na namba yetu.

"Mama, namba haiombewi," nilimwambia.

"Wewe lala. Kuomba ni kazi yangu."

Tulivuka arobaini, tukavuka hamsini. Hamsini na tatu ilibakiza hamsini, na mume wangu aliichukia namba hiyo kwa siku nzima. Tumbo lilikuwa likikua. Halafu asubuhi moja niliamka nikaona damu tena, tone tu, lakini lilitosha. Daktari alikuja, akapima, akasema uzi umeshika na mtoto anacheza, nisiwe na wasiwasi. Alipoondoka nikageukia ukutani nikalia. Mama mkwe alinishika mguu. Nadhani alimpelekea mume wangu habari, maana alifika mapema kuliko kawaida, zege limemkaukia mikononi.

Hakuuliza kama nimekula. Alikunjua karatasi.

"Mwalimu, imegawanyika."

"Kwa ngapi?"

"Hamsini na tisa. Jibu ni elfu kumi na sita, mia tisa arobaini na tisa. Haijabaki kitu."

Jirani alipiga makofi. Mama mkwe akasema, "Bikira Maria, asante." Nami moyo uliniruka kweli. Nilitazama tarakimu za mwisho: tisa mara tisa ni themanini na moja, inaishia na moja, kwa hiyo inawezekana. Nikafumba macho nikaanza kuzidisha, si kwa kutomwamini, ila kwa mazoea ya kusahihisha kazi za wanafunzi. Elfu kumi na sita mia tisa arobaini na tisa mara sitini, toa moja yake. Nilifika kwenye jibu. Nikarudia. Ilikuwa inapungua kumi.

Nilifungua macho nikamtazama. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Imebaki kumi," nikasema.

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Nilijua." Alikunja karatasi ikawa ndogo sana. "Mama aliniambia umelia. Nikasema leo angalau apate kitu."

Sikujua nicheke au nimkasirikie. Nilianza kwa kukasirika. Nilimwambia hesabu haidanganywi, hata kwa upendo, na kwamba kama angeniachia furaha ile ningekuja kuigundua baadaye nikiwa peke yangu, na ingeniuma zaidi. Alisikiliza kama mtoto aliyekosa somo. Kisha yule jirani akasema kwa masikitiko ya kweli, "Kumbe nilipiga makofi ya bure," na hapo nikacheka, nikacheka nikishika tumbo kwa mikono miwili, mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini.

"Kesho utaniletea sitini na moja," nilimwambia mume wangu alipoaga. "Na baki yake uiandike kubwa."

Aliiandika kubwa. Ishirini na nane.

Tulifika tisini na saba, ya mwisho chini ya mia, nayo ilibakiza ishirini na nane vilevile. Namba tasa zilizo chini ya mia ni ishirini na tano, na zote zilikuwa zimekataa. Mume wangu alichoka, nilimwona. Kibarua kilikuwa kigumu na mbele yetu kulikuwa na zaidi ya mia moja na arobaini za kujaribu.

"Labda ni tasa kweli," akasema.

Lile neno lilitua kitandani katikati yetu. Hakukusudia ubaya, nami sikuliona tena kama nilivyoliona juu ya gunia. Kulala siku nyingi nikizitazama namba hizo kulikuwa kumenibadilisha. Kila namba nyingine duniani imetengenezwa kwa kuzidisha hizo; kumi na mbili ni mbili, mbili na tatu; mia ni mbili na tano tu. Aliyezipa jina lile, nadhani, aliangalia upande mmoja.

"Labda," nikamjibu. "Pumzika leo. Usigawanye chochote."

Kesho yake alasiri, mama mkwe akiwa ameenda kufua, nililala nikitazama dirisha. Mvua ilikuwa imekatika. Bila kukusudia nikachukua namba iliyofuata, mia na moja, kwa sababu ni nyepesi kichwani. Mia na moja kwenye elfu moja inaingia mara tisa, inabaki tisini na moja. Shusha sifuri: mia tisa na kumi. Inaingia mara tisa tena, inabaki moja. Shusha sifuri: kumi, haiingii. Shusha moja ya mwisho: mia na moja. Inaingia mara moja.

Haikubaki kitu.

Niliirudia kutoka mwanzo, kisha nikaigeuza: elfu tisa mia tisa na moja mara mia, ongeza elfu tisa mia tisa na moja. Milioni moja na moja. Ilikuwa pale pale nyuma ya mlango, hatua moja tu baada ya mahali tulipokata tamaa.

Mume wangu alipofika sikumwambia. Nilimpa kalamu. "Jaribu mia na moja hapa, mbele yangu."

Alikaa, akaweka karatasi juu ya goti, ulimi ukitokeza pembeni mwa mdomo. Nilimtazama akishusha sifuri moja moja. Alipofika mwisho alisita. Akarudi juu. Akafuta kwa kidole, akafanya upya. Mara ya tatu alinitazama kwa hofu.

"Mwalimu, mimi sidanganyi. Angalia mwenyewe. Haibaki."

"Najua."

"Unajua?"

"Tangu saa tisa."

Alisimama, akakaa, akasimama tena. Jirani akainuka kwa kiwiko. "Imegawanyika kweli ama napiga makofi ya bure tena?"

"Piga," nikamwambia. "Piga yote."

Mama mkwe aliporudi na beseni la nguo alituambia hakushangaa hata kidogo.

Siku mbili tatu mume wangu alitembea kama mtu aliyepata cheo. Halafu akaja na karatasi mpya. Alitaka kujua kama ile elfu tisa mia tisa na moja nayo inagawanyika, na alikuwa tayari kuanza tena na saba. Nilikuwa na jibu, na mpaka leo ndilo nililolipenda kuliko yote. Nilimwambia hakuna kazi iliyobaki. Chochote kinachogawanya elfu tisa mia tisa na moja kingegawanya pia milioni moja na moja. Na mia mara mia ni elfu kumi, kwa hiyo ingetosha kujaribu zilizo chini ya mia.

"Lakini zile tulijaribu," akasema. Nilimwona linamwingia. "Zote zilikataa."

"Zote."

"Kwa hiyo zile jioni zote..."

"Ulikuwa unapima mbili kwa mpigo."

Alizitoa karatasi za zamani za saruji, alikuwa amezihifadhi, akazipanga kitandani akazitazama na baki zake. Hamsini na tatu aliisamehe siku hiyo.

Mtoto wetu alizaliwa mwezi uliofuata, kabla kidogo ya wakati wake, mchana kweupe. Daktari alikuwa amekata uzi asubuhi. Nilisikia sauti kwanza, kali kama ya paka, halafu nikamwona: msichana, mdogo, mwekundu, mwenye hasira. Yule jirani alikuwa ameshajifungua mvulana siku chache kabla, na alikuja kutuaga amembeba mgongoni. Mume wangu alishuka Kamukuzi mbio. Nesi alimrudisha nje anawe mikono mara mbili ndipo ampe binti yake.

Sitasema namba ilituletea mtoto. Uzi wa daktari ulimleta, na kulala, na pengine rozari. Namba ilitupa cha kuongea jioni zile, basi, na nilipokuwa pale kitandani hilo lilikuwa jambo kubwa.

Rubondo nilirudi darasani binti alipoanza kukaa. Wanafunzi nikiwafundisha namba tasa nawapa na jina la Kifaransa, wachague wanalopenda. Wengi wanachagua la Kiswahili kwa sababu ni fupi.

Mume wangu hajaacha. Msimu huu wa mvua alikuwa anapukuchua maharage mlangoni akaniuliza kuhusu bilioni moja na moja. Nikamwambia ajaribu. Alipitisha tatu, akaifikia saba, na papo hapo ikagawanyika: milioni mia moja arobaini na mbili, elfu mia nane hamsini na saba, mia moja arobaini na tatu, bila baki. Alichukia kweli.

"Hii haina utamu. Nipe nyingine."

Nikampa trilioni moja na moja. Mimi mwenyewe sijaigusa, kwa makusudi. Wiki ya tatu hii, na amefika thelathini na moja. Jana binti yake alimnyang'anya karatasi akaitafuna pembe yote ya kulia, pale penye baki, na leo anaifanya upya, huku amempakata.